Macho ya Mti wa Saruji

Kambi ya wajenzi, barabara ya Poona
11 Oktoba 1997

Dada Alamelu,

Natumaini karatasi hii inawakuta wazima, wewe, Baba, Kayal wetu, na yule ng'ombe wako mwenye kiburi. Sisi huku hatujambo. Mvua zimekatika wiki iliyopita, tope ndilo limebaki. Wenzangu wote ishirini na wanne ni wazima, ila kila siku iendayo kwa Mungu wanalalamikia chapati za asubuhi. Mmoja aliota sambari, mchuzi wa dengu wa mama yake, akaamka analia, wenzake hawajaacha kumcheka mpaka leo.

Shemeji naye mzima. Wamempa kofia ngumu ya njano na haivui hata akienda kuoga. Nilimwambia, "Dada akikuona hivyo atakufungia mlango." Akasema, "Dada yako nitamletea ya kwake."

Uliniuliza mti wenyewe ni mti gani mpaka watu watoke nchi yetu ya Watamil waje kuujenga huku kwa Wamarathi. Ni mkuyu wa kwetu, ule unaoteremsha mizizi kutoka matawini, ila huu ni wa chuma na saruji, na kimo chake ni futi mia na ishirini. Mnara wa hekalu letu ungesimama chini ya matawi yake na nafasi ikabaki. Ndani ya shina kuna ukumbi wa watu mia tatu. Mwenye bustani, ambaye wote wanamwita Seth, anataka watu wauone tangu wakiwa barabarani, watoto waanze kupiga kelele ndani ya magari.

Kwanza walitengeneza mfano wa udongo, kimo cha mtoto wa miaka miwili. Wakaukata vipande, wakapima kila kipande na kukikuza mara arobaini. Wachomeleaji wakasuka mifupa ya nondo, ukafungwa wavu wa chuma juu yake, kisha saruji ikarushwa kwa mpira. Hapo ndipo sisi tunaitwa. Tuna saa tatu, zikizidi nne, kabla haijakaza. Ndani ya saa hizo gome liwe gome na tembo awe tembo. Maana ndani ya gome kuna wanyama, dada, mia mbili na kumi, wanachomoza shinani na kwenye matawi, huyu anamkanyaga yule. Nadhani sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kuna ubishi kambini, na unatuharibia kazi. Nusu ya wenzetu wanasema hawa si miungu, hakuna wa kuwasujudia, basi tuwachimbe macho hapo hapo saruji ikiwa laini, tuendelee. Nusu wanasema jicho ni jicho, hufunguliwa mwisho kama la sanamu ya hekaluni. Shemeji alimkuta mmoja anamfungua nyani macho, akatupa mwiko chini. "Unamfungua macho hana hata miguu? Aone nini, aibu yake?" Nusura wapigane. Injinia Phadnis anatutazama kama watu tuliopagawa. Yeye anachotaka ni tarehe tu.

Muulize Baba. Amefungua macho ya sanamu za minara kumi na saba ya hekalu, hakuna wa kumbishia. Neno lake nitalisoma mbele ya wote, na litakuwa limekwisha. Andika kama atakavyosema, usiongeze chumvi zako, nakujua.

Mdogo wako,
Ekambaram


Melapatti
4 Novemba 1997

Mdogo wangu Ekambaram,

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya sikukuu ya taa, Dipavali, na Kayal akaizungusha mtaa mzima akisema ni barua kuhusu tembo. Ameng'oka meno mawili ya mbele. Anasema hatacheka mpaka baba yake arudi ayaone mapengo, lakini anacheka kila saa. Ng'ombe amepunguza maziwa, kiburi hajapunguza.

Juzi nimeaibika ofisi ya mgao wa chakula. Karani mpya, kijana wa miwani, anaandika kadi upya. Ananiuliza jina la mume. Nikamwambia, Baba Kayal. Akasema, "Mama, Serikali haimjui Baba Kayal." Foleni nzima ikaangua kicheko. Ikabidi nimwonyeshe kwa kidole kwenye kadi ya zamani, na jirani akalitaja kwa sauti. Waache wacheke. Mke akitamka jina la mumewe anampunguzia siku zake, ndivyo tulivyolelewa. Mama hakulitamka la Baba hata siku moja, na Baba huyo bado tunaye.

Baba yupo. Anakaa kibarazani kwenye kiti chake tangu asubuhi, anakula uji wa mchele. Hasemi sana, unajua alivyo. Usije sikukuu ya mavuno, Pongal, kwa ajili yake. Kazi ikiachwa katikati, watu wako hawajui kumfuata mwingine, watarudi wote nyuma yako, na sisi tutakula nini, gome la saruji?

Nimemsomea barua yako mara mbili. Jibu lake ni hili, lisome kama lilivyo:

"Kitu chenye macho kina haki ya kuonekana kimekamilika, awe mungu, awe mbwa. Wote wabaki wamefumba mpaka kazi yote imalizike. Kisha wafunguliwe siku moja, kuanzia juu kushuka chini, na mkuu wa kazi ashike patasi kwa mkono wake mwenyewe."

Basi. Ubishi umekwisha.

Mwambie Baba Kayal kofia ya njano nimeisikia. Akija nayo hapa nitaipandia mnanaa. Na mwambie aandike mwenyewe japo mstari, najua anaandika kama kuku anayeparua, lakini nitasoma. Barua za mtaa huu zote naandika mimi na kusoma mimi, wake za wenzenu wamepanga foleni mlangoni hivi sasa. Habari yoyote ya hapa mkiisikia huko, mjue imepitia mkononi mwangu.

Dada yako,
Alamelu


Kambi ya wajenzi
2 Desemba 1997

Dada,

Natumaini mko salama na kwamba meno ya Kayal yameanza kuota. Huku baridi kidogo asubuhi, saruji inachelewa kukaza, nasi tunaishukuru.

Nilisoma neno la Baba tukiwa tumekaa chini ya tawi la mashariki. Hata wale wabishi waliinamisha vichwa. Shemeji akasema, "Mzee ni mzee," akaokota mwiko wake. Tangu siku ile tunakwenda vizuri ajabu. Kila mnyama tunamwachia kope zimefumba, laini, kama amelala. Injinia Phadnis alipita akagusa uso wa chui, akaniambia, "Ekambaram, mnanijengea bustani ya vipofu." Nikamwambia asubiri. Akasema yeye hana tatizo na kusubiri, tatizo ni Seth.

Ila nikuulize. Tangu lini Baba anasema maneno marefu vile? Mimi alinifundisha miaka kumi na tano kwa "ndiyo", "siyo" na kofi. Nilipofika kwenye "haki ya kuonekana" nilisimama nikasoma tena. Nimependa, sikatai. Nimeyaandika kwenye ubao wa kibanda chetu.

Shemeji amefanya jambo. Juu kabisa, kwenye tawi la mwisho ambalo halimo hata kwenye mchoro, amechonga kindi wa mistari mitatu, mkubwa kama paka, anakula embe. Injinia hakumwomba. Nilipomwuliza wa nini, na hakuna mtu atakayemwona toka chini, akasema, "Watoto wa mjini watatazama tembo. Kayal peke yake atajua pa kutazama." Anasema mti ukifunguliwa atawaleta wote wawili kwa treni, wewe na Kayal, na atakununulia sharubati ya miwa langoni.

Namwachia kalamu. Amekaa nayo robo saa, anatoka jasho kuliko anapobeba saruji.

*Mama Kayal. Niko sawa. Mti mkubwa. Kindi ni wa Kayal. Mimi.*

Hayo ndiyo yote niliyopata kwake, dada.

Ekambaram


Melapatti
19 Januari 1998

Mdogo wangu,

Pongal imepita. Nilipika chungu kimoja tu, watu tulikuwa wachache. Kayal alipaka pembe za ng'ombe rangi ya buluu na mkono wake hadi kiwiko. Baba alivishwa nguo mpya. Mstari wa Baba Kayal nimeukata kwenye barua nikauweka kwenye kopo la kahawa. Usimwambie, ataringa.

Unauliza maneno marefu ya Baba. Uzee unalegeza ulimi. Na wewe ulikuwa mtoto mtukutu, kofi lilikufaa zaidi ya sentensi.

Sasa nisikilize mimi. Kindi nimefurahi naye, lakini tawi la mwisho ni la nini? Baba Kayal ana kizunguzungu tangu ile homa ya mwaka juzi, alianguka hapa hapa kwenye ngazi tatu za kisimani. Hakukuambia, najua. Mtunze chini. Juu panda wewe, wewe ndiye mkuu wa kazi.

Baba anawasalimu. Anasema mnaendelea vizuri.

Alamelu


Kambi ya wajenzi
23 Februari 1998

Dada Alamelu,

Salamu zangu ziwafikie wote. Kayal mwambie tembo ni wanane sasa. Mimi si mzima sana wala si mgonjwa.

Nimefanya kosa, na sijui nilieleze vipi kwa Baba. Mwezi huu Injinia alileta karatasi ya theluthi ya juu ya mti, akaniuliza, "Huku juu mmemaliza?" Gome limemalizika, manyoya yamemalizika, nikatia saini. Jumatatu tulipotoka mapumzikoni tukakuta mianzi yote ya juu imeshushwa. Jukwaa lote! Nilikimbia ofisini kwake nikipiga kelele. Ananitazama. "Si ulisema mmemaliza?"

Na kweli nilisema. Kwetu mianzi haitoki mnarani mpaka macho yafunguliwe, hata mtoto wa mtaa wetu anajua. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili na sikuwahi kufikiri ni jambo la kumweleza mtu. Kuna wanyama thelathini na wanane kule juu wamefumba macho, na hakuna njia ya kuwafikia. Mianzi imeshapelekwa kwenye lango kuu, tarehe ya kufungua bustani imesogezwa hadi tano Aprili.

Jana Seth alikuja na darubini. Alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mbona nyani wangu wamelala?" Injinia akanitazama mimi. Seth anataka waamke wote. Injinia anasema njia ni moja, kupanda kwa ngazi ya ndani ya shina hadi kileleni, kisha kwa kamba na kiti cha ubao mtu ateremshwe tawi kwa tawi.

Nilipiga simu duka la Chettiar hapo mtaani nizungumze na Baba. Walikwenda wakarudi wakasema hawezi kuja kwenye simu. Hawezi au hataki? Amekasirika?

Mwulize, tafadhali, upesi. Wa juu tuwaache vipofu, maana wenyewe tumejifungia njia? Au tufungue kwa kamba? Na ni lazima awe mkuu wa kazi? Wenzangu wanasema watafuata atakalosema Baba na si jingine. Shemeji anasema kwa kamba inawezekana, yeye haoni shida. Mimi nimeitazama hiyo kamba. Kamba ni kamba tu.

Nangoja.

Ekambaram


Melapatti
3 Machi 1998

Ekambaram,

Tuko salama. Barua yako imefika leo asubuhi na jibu linaondoka na basi la saa nane, kwa hiyo sina maneno mengi.

Baba anasema kazi isiyo na macho haijaisha, na hataki jina la nyumba hii litundikwe futi mia hewani likiwa kipofu. Yafunguliwe. Kuanzia juu kushuka chini, na mkuu wa kazi apande mwenyewe.

Hili linalofuata si la Baba, ni langu. Baba Kayal asipande. Hata akiomba, hata akikucheka. Msomee mbele ya wote, aone haya akae chini.

Alamelu


Kambi ya wajenzi
30 Aprili 1998

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Kayal hajambo? Anakula?

Najua walifika na shemeji tarehe kumi na sita Machi. Najua kwamba mimi sikuwemo ndani ya lori. Niliwaambia wenzangu polisi wanataka mtu wa kubaki ajibu maswali, na kweli walitaka. Lakini walinihoji siku mbili tu. Siku zilizobaki nilikuwa nimejilaza hapa kambini kwa sababu sikuweza kukutazama usoni. Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo nitaimaliza.

Barua yako ya tarehe tatu niliisoma mbele ya wote, chini ya tawi lile lile. Nilisoma mpaka "yafunguliwe". Pale niliikunja nikaitia mfukoni. Sikusoma kwamba mkuu wa kazi apande mwenyewe, walilijua hilo toka barua ya kwanza. Sikusoma lako.

Nilipanda kwanza, dada, usifikiri sikupanda. Walinifunga kwenye ubao wakanishusha toka kileleni. Nilimfungua korongo mmoja na nyani mmoja. Kisha nikatazama chini. Patasi ikaniponyoka. Nilikumbatia tawi nikafumba macho kama wale wanyama wenyewe, na nikapiga kelele wanishushe. Watu wote waliona. Hakuna aliyecheka ila shemeji, naye alicheka kwa wema. Akanifungua kamba kiunoni, akasema, "Kaa unywe chai, shemeji. Leo mkuu wa kazi ni mimi." Ningeitoa ile karatasi mfukoni. Ilikuwa pale pale, niliisikia ikikwaruza kila nikiinama. Badala yake nilikaa nikanywa chai.

Alifanya siku mbili. Alikuwa anaimba kule juu. Alifungua thelathini na watano, na sijaona macho kama yale, ukisimama popote yanakutazama wewe. Kindi alimwacha wa mwisho, nje ya utaratibu, kwa sababu ni wa Kayal. Alifungua jicho la kulia. Kisha akasema kwa sauti, tulisikia wote, "Subirini, dunia inazunguka." Tukaanza kumvuta. Kamba ilikuwa imekaa juu ya makali ya jani la bati, ikakatika. Basi, dada. Usiniulize zaidi, na ukiniuliza nitakujibu.

Bustani ilifunguliwa tarehe tano kama walivyopanga. Watoto walipiga kelele ndani ya magari. Nilisimama langoni, sikuingia.

Waliompeleka hakuna aliyerudi, na siwalaumu. Mmoja alinipigia simu toka kibanda cha mjini. Alisema Baba alikaa karibu na maiti asubuhi nzima hakusema neno, kisha laini ikakatika. Nimeyabeba hayo wiki sita. Mwambie Baba anitukane. Mwambie aseme hana mtoto, nitaelewa, lakini aseme kitu.

Na jambo moja la kazi, nisamehe kwa kulitaja. Injinia amepata mashine ya kuinua mtu, imara, haina kamba. Anasema kindi anaweza kumaliziwa jicho la kushoto wakati wowote. Nimemwambia nitapanda mimi. Sitapanda bila neno la Baba.

Ekambaram


Melapatti
21 Mei 1998

Ekambaram,

Kayal hajambo, anakula. Meno yameota, moja limekaa upande. Ng'ombe tumemuuza. Mikono yangu ni mitupu, bangili zilivunjwa siku ya kumi na sita ya matanga, kama za kila mjane, na mpaka leo nikichota maji nashangaa mbona hakuna mlio.

Baba hajakukasirikia. Baba hajasema neno, kwako wala kwa mtu yeyote, tangu tarehe ishirini Septemba, siku ya tisa toka mlipoondoka. Ni kiharusi. Upande wa kulia wote umekufa, na ulimi. Hanijui mimi, hamjui Kayal, anajua uji tu. Asubuhi ile alikaa karibu na maiti kwa sababu ndipo tulipoweka kiti chake.

Wanawake wa mtaa niliwaapisha wasitie neno kwenye barua zao. Haikuwa vigumu, barua zao si naziandika mimi.

Sasa soma polepole. "Kitu chenye macho kina haki ya kuonekana kimekamilika." Hilo ni langu. "Juu kushuka chini", langu. "Futi mia hewani likiwa kipofu", langu. Yote uliyoandika kwenye ubao wa kibanda ni yangu, kutoka la kwanza hadi la mwisho.

Nilianza vizuri. Nilimsomea barua yako, akanitazama huku mate yanamtoka. Nikachukua karatasi niandike, Baba anaumwa, rudini. Niliiandika hiyo barua, Ekambaram. Ilikuwa mezani. Nikafikiria watu ishirini na wanne wanarudi mikono mitupu, hilo ni kweli, lakini silo lililonifanya niichane. Tangu nina miaka sita nilikaa miguuni pa Baba nikimpa patasi. Wewe ulikuwa unapigwa makofi kwa kutosikiliza, mimi nilikuwa nasikiliza. Nilijua kila jibu na hakuna aliyewahi kuniuliza hata moja, maana nani anamwuliza mwanamke mambo ya sanamu. Halafu likaja swali, la kazi, la mti mkubwa kuliko mnara. Nikalijibu. Nilijimiminia kahawa nikakaa kwenye ngazi, mguu juu ya mguu kama yeye. Nilifurahi. Uliponiandikia kwamba wote waliinamisha vichwa, nilisoma mstari ule mara ngapi sijui.

Nimefikiri sana wiki hizi kuhusu nilichokosea. Maneno hayakuwa mabaya, Baba angeweza kuyasema. Lakini Baba angekuwa na ulimi angeuliza kwanza, "Mianzi inatoka lini, na anaitoa nani?" Ndilo swali la kwanza analouliza popote, kabla hata ya kuvua viatu. Nimemsikia mara elfu. Yeye alijua kazi. Mimi nilijua maneno ya kazi tu.

Na tarehe tatu Machi, ningeandika waacheni wamefumba, nani angekufa? Nilijua ana kizunguzungu. Nilijua na wewe unaogopa kupanda, unafikiri sikujua? Ulikuwa hupandi hata paa la zizi. Nilikuandikia kwamba upande wewe, nikijua hutaweza, na nikijua ukishindwa ni nani atakayesimama. Nikajidanganya kwamba mstari mmoja wa mwisho utamzuia. Nilikuwa nawaza jina la nyumba. Nyumba gani! Mzee asiyejua jina lake mwenyewe, na mimi.

Wewe ulikunja karatasi. Mimi niliibuni. Sitaki tukae tupime nani kamuua zaidi. Sijakusamehe, na wewe usiwe na haraka ya kunisamehe mimi. Lakini njoo. Baba anahitaji mtu wa kumwinua, na Kayal anataka mtu wa kumweleza huo mti, mimi siwezi.

Kuhusu kindi, mwache na jicho lake moja. Usipande, asipande mtu, na mashine yao waipeleke kwingine. Aliyemchonga ndiye aliyeishia hapo, na hapo ndipo kazi ilipokwisha. Neno hili halikutoka kwa Baba. Waambie wote limetoka kwangu.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya mgao kumwondoa kwenye kadi. Yule yule karani wa miwani. Hakunikumbuka, au alijifanya. Akafungua daftari, akauliza, "Jina la marehemu?" Jirani alikuwa nyuma yangu, akaanza kunisaidia kama siku ile. Nikamshika mkono anyamaze. Miaka kumi na miwili nimelificha jina hilo ili aishi.

Nikasema, Dhanapal.

Karani hakusikia. Akainua uso akaniambia, "Sema tena, mama."

Nikasema tena.

Dada yako,
Alamelu